Maiki ya Sikujua

Jumatatu, 7 Julai

Naandika kwa kalamu kwa sababu chochote ninachoandika kwenye kompyuta ya ofisi kinaweza kusomwa, na simu yangu nayo siiamini. Nina miezi minane Dubai. Mimi ni karani wa kampuni inayouza iliki, zafarani na ndimu kavu, hapa Al Ras, ghorofa ya pili juu ya ghala. Kuanzia leo nimepewa kazi inayoweza kunifukuzisha.

Meneja, sir Humam, ameniita kabla sijakaa. Kampuni haitalipia tena programu ya mikutano ya video.

"Rama, wewe umesoma. Tafuta ya bure. Ya kazi, na ya furaha pia, watu wa Muscat na Kampala wacheze pamoja siku za Alhamisi. Nataka ripoti mwezi wa nane. Yalla."

Nikamuuliza kama ana programu anayoipendelea.

"Ningekuwa nayo ningekuita wewe?"

Hapa si kila simu ya video inapita, na anayeipitisha kwa njia ya kificho anavunja sheria. Nimesoma masharti hadi macho yakaniuma. Zimebaki tatu ambazo nina hakika nazo. Majina yake siyaandiki hata humu. Nitaziita ya Bluu, ya Kijani na ya Njano.

Jumanne, 8 Julai

Nyuzi arobaini na nne. Miwani inaingia ukungu kila nikitoka stesheni, nasimama kama kipofu mpaka ikauke.

Alhamisi, 10 Julai

Jaribio la kwanza. Nimemwomba Mercyline wa mapokezi anisaidie. Ni Mkenya, kwao Kisii, anacheka kwa sauti mno na anakula karanga juu ya kibodi. Simpendi sana.

Ya Bluu ina picha safi na mtu anaingia kwa kubonyeza kiungo tu, lakini baada ya dakika arobaini inakata bila kuaga. Ya Kijani ina muda mrefu zaidi, ila kila mtu lazima awe na akaunti. Ya Njano haina kikomo, sauti inachelewa, na ukitaka inakuvisha masikio ya mbwa. Mercyline ameyavaa akabweka. "Hii ndiyo ya furaha, andika hapo! Mtoto wangu atanijua hata na hizi."

Kisha tukawaunganisha Kampala. Honi, jogoo, mtu anagombana na fundi bomba. Sir Humam akapita nyuma yangu.

"Zima maiki zao. Wote. Mtu akiingia, awe amezimwa, na asiweze kujiwashia mwenyewe. Unamwasha wewe, akimaliza unamzima. Khalas."

Nimeitafuta sehemu hiyo kwenye ya Bluu nikaipata. Kimya kikaingia ghafla, watu wanane wanachezesha midomo bila sauti. Nakiri kwamba nilipumua. Tangu nifike nchi hii sijawahi kukaa na watu wanane bila kuogopa watakachosema.

Jumapili, 13 Julai

Baba Mkubwa ametuma jumbe tatu za sauti, na kila mmoja ameuanza kwa salamu upya.

Niandike vizuri ili nielewe mwenyewe. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Baba Mkubwa akatuchukua Handeni, akanisomesha, na siku ya mazishi yeye ndiye aliyenishika bega ili nisianguke. Mama anaishi uani kwake mpaka leo. Dada yangu, Sikujua, ana miaka ishirini, amepanga chumba Tanga mjini, anauza duka la dawa. Amepata nafasi chuo cha uuguzi, anaanza Oktoba.

Imekuja barua ya posa. Mwoaji ni Yasir, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Handeni. Ana miaka arobaini na moja, ni mgane. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonisumbua. Niliwahi kwenda mtihani kwa baiskeli yake. Lakini anataka mke wa kukaa nyumbani na wanawe wawili, na amesema habari za chuo zitazungumzwa baadaye. Sote tunajua maana ya baadaye.

Baba hayupo, babu hayupo, kwa hiyo walii wa Sikujua, wa kumwozesha, ni mimi. Baba Mkubwa amelisema hilo kwa upole. "Kisheria ni wewe, Ramadhani, ila uko mbali na bado mdogo. Tufanye kikao kwa hiyo mitambo yako, tumuulize mtoto, tumalize."

Jioni Sikujua akaniandikia: "Kaka, mimi sitaki. Ila siwezi kumwambia Baba Mkubwa peke yangu. Nitasema kikaoni ukiwepo. Ukiwepo wewe sitaogopa."

Nimejibu: "Sawa."

Jumanne, 15 Julai

Joto. Nimejaza jedwali la ripoti: bei, muda, idadi ya watu, sauti, picha, michezo.

Alhamisi, 17 Julai

Kwetu mwanamwali haulizwi mara mbili. Anaulizwa, akinyamaza amekubali, na kunyamaza kwake kunahesabiwa ni haya na adabu. Anayekataa ndiye anayetakiwa kutoa sauti. Nimelala nikilifikiria hilo na nimeamka nikilifikiria hilo.

Jumapili, 20 Julai

Nitaandika yote.

Nilikwenda ofisini asubuhi, ufunguo ninao, kwa sababu intaneti ya chumbani kwetu Al Qusais tunaigawana watu sita. Nilichagua ya Bluu, maana Shangazi hana akaunti ya kitu chochote. Nikaandaa kikao kama ninavyoandaa vya ofisi: kila anayeingia awe amezimwa maiki, asiweze kujiwashia. Sikufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe. Nilipogundua niliona ni vizuri zaidi, kwa Baba Mkubwa kuna majogoo na kwa Shangazi, kule Mombasa, televisheni haizimwi.

Saa nne kwangu, saa tatu kwao, wakaingia. Baba Mkubwa na Mama kwenye simu moja. Shangazi akaonekana paji la uso tu. Sikujua peke yake chumbani kwake, mtandio wa kijani, nyuma yake kalenda ya duka la dawa. Nikamwasha Baba Mkubwa. Nikamwasha Shangazi.

"Mnanisikia?" akauliza Shangazi.

"Tunakusikia, ila hatukuoni macho," akajibu Baba Mkubwa.

"Macho ya nini, si mnataka maneno?"

Mama akacheka. Salamu zilichukua dakika kumi na moja. Dua dakika nne. Baba Mkubwa akaeleza Yasir ni nani, baba yake alikuwa nani, mkewe wa kwanza alivyouguzwa naye mpaka mwisho. Nilikuwa natazama saa pembeni ya kioo. Dakika ya thelathini na sita akasema:

"Sikujua, mwanangu, umesikia yote. Kaka yako yupo, mama yako yupo. Unasemaje?"

Sikujua akasema.

Nilimwona akisema. Midomo ilifunguka, ikafunga, ikafunguka. Sitaki. Ni neno fupi, linasomeka hata na mtoto. Akalisema tena. Mara ya tatu akatikisa kichwa na kuisogelea simu mpaka uso ukajaa kidirisha chake. Alidhani hasikiki kwa sababu amesema kwa sauti ndogo mno.

Kipanya kilikuwa mkononi mwangu. Kitufe nakijua kuliko ninavyoijua njia ya kwenda kazini. Kubonyeza mara moja tu. Nami nikawaza: nikiwasha, neno hilo litatoka, na Baba Mkubwa hatamgeukia yeye, atanigeukia mimi, aniulize wewe walii unasemaje. Na mimi sitakuwa na pa kujificha. Niliwaza hivyo kwa muda mrefu kiasi cha kujua kwamba nawaza.

Baba Mkubwa alikuwa ameinyoosha simu mbali, hakuvaa miwani, na Mama alikuwa ameinamisha kichwa. "Amenyamaza," akasema. Sauti yake ilikuwa na furaha ya kweli. "Alhamdulillahi, amenyamaza."

Shangazi akapiga vigelegele. Ya Bluu humkuza mwenye sauti kubwa, kwa hiyo paji la uso la Shangazi likajaa kioo kizima kwa kila mtu, na kidirisha cha dada yangu kikasukumwa kule chini, kidogo kama stempu. Bado midomo ilikuwa inacheza.

"Na wewe, walii?"

"Inshallah, Baba Mkubwa," nikasema.

Kisha dakika arobaini zikaisha na kioo kikawa cheupe.

Jumatatu, 21 Julai

Nimemwandikia Sikujua mara nne. Amesoma. Hajajibu.

Alhamisi, 24 Julai

Mchezo wa kwanza wa ofisi na matawi, kwa ya Njano. Bahati nasibu ya maneno. Sir Humam kavaa taji, mtu wa Muscat kavaa ndevu za zambarau, mimi nimevishwa masikio ya mbwa na nimecheka pamoja nao. Wamesema nina kipaji cha kuandaa.

Jumamosi, 26 Julai

Sikujua amepiga. Simu ya kawaida, bila picha.

"Kaka, nilisema mara tatu."

"Maiki yako ilikuwa imezimwa, Siku. Ni mpangilio wa kikao. Ni kosa langu, niliuweka kama wa ofisini."

"Sikuulizi habari ya maiki." Alikuwa dukani, nilisikia mtu akiomba panadol. Akamhudumia, akarudi. "Nakuuliza wewe. Ulikuwa unanitazama?"

Ningeweza kusema picha iligoma. Ni jambo la kawaida, nimeliandika kwenye jedwali.

"Nilikuwa nakutazama."

Hakulia. Akasema, "Basi mwambie Baba Mkubwa. Mimi nikisema sasa nitaonekana nimegeuka. Wewe ukisema uliniona, itakuwa nilikataa tangu mwanzo."

Ana akili kuliko mimi. Nimemwahidi nitapiga kesho.

Jumapili, 27 Julai

Sijapiga. Ni Jumapili, atakuwa na wageni.

Jumatatu, 28 Julai

Sijapiga. Unyevu umekuwa mkubwa, madirisha ya ofisi yanatoka jasho kwa nje.

Jumatano, 30 Julai

Sijapiga.

Jumapili, 3 Agosti

Nimepiga. Tumezungumza habari za mahindi, mguu wa Mama, na kama kweli Dubai mvua inatengenezwa na ndege. Baba Mkubwa akasema, "Sauti yako imenifurahisha, mwanangu. Tangu kikao kile nalala vizuri. Nilimwahidi marehemu kaburini kwamba huyu mtoto hatahangaika." Nikasema ahsante. Nikakata. Nikakaa ngazini mpaka mlinzi akaniuliza kama naumwa.

Nilikuwa nikimwona kama ukuta. Leo nimesikia ni mzee mwenye hofu kama yangu, ila yeye hofu yake inamfanya aamue na yangu inanifanya nisubiri.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemwambia Mercyline. Sikukusudia. Aliniuliza mbona nimekonda, nami nikamwaga yote pale kwenye mashine ya maji. Kwa mara ya kwanza hakucheka.

"Ngoja. Huyo ni dada yako wa damu?"

"Wa damu."

"Na ulimwona mdomo?"

"Nilimwona."

"Sasa Rama, ulikuwa unangoja nini, memo? Mimi nikidhani unaogopa tu Sir Humam, kumbe unaogopa hata kitufe!" Akatupa ganda la karanga. Kisha akashusha sauti. "Piga leo. Sherehe haijapikwa bado, mtu anaweza kurudi nyuma. Wakishanunua mchele, hakuna anayerudi."

Nilikuwa nikimwona mtu wa makelele.

Sikupiga.

Jumanne, 12 Agosti

Ripoti imepita. Ya Bluu kwa kazi, ya Njano kwa furaha. Sir Humam ameisoma yote, akaweka kidole kwenye aya yangu kuhusu kuzima maiki za wote, ambapo nimeandika kwamba njia hii "inaokoa muda na kuondoa mabishano". "Very good," akasema. "Wewe unaelewa." Mkataba wangu utaongezwa. Miezi tisa nimeiombea siku hii, na imekuja kama barua ya mtu mwingine iliyoletwa kwangu kwa makosa.

Jumapili, 17 Agosti

Baba Mkubwa: ndoa ni mwezi wa mfungo sita, Ijumaa ya tarehe 29, alasiri. Ustadhi anataka walii aonekane kwa video mbele ya mashahidi, anitambue kwa uso, kisha nimpe Baba Mkubwa uwakili amwozeshe. "Weka mitambo yako vizuri, isikate kama siku ile."

Yasir mwenyewe akaongea nami kidogo. Akaniita shemeji. Aliuliza Sikujua anapenda chumba kipakwe rangi gani. Nikasema sijui.

Jumatano, 20 Agosti

Sijapiga. Mchele umenunuliwa, Mama ametuma picha.

Jumatano, 27 Agosti

Sikujua amepiga wakati wa chakula cha mchana. Yuko Handeni tayari, wamempaka hina, wanawake wamejaa ndani.

"Kaka, nina neno moja. Ijumaa usiseme kitu."

"Siku, bado naweza..."

"Ulikuwa unaweza. Wiki tano. Mimi nilikuwa naamka nangoja Baba Mkubwa anipigie aseme umemwambia." Mtu akamwita, akajibu abee, akarudi. "Sasa nimeshajipanga. Nimewaambia wote nilinyamaza kwa sababu ya haya. Mama anafurahi, anatembea vizuri. Nafasi ya chuo nimeiandikia barua ya kuiacha. Usiniharibie hadithi hii niliyoishona. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Safari hii maiki iko wazi, ee?" akasema, na nadhani alicheka.

Ijumaa, 29 Agosti

Sir Humam alinipa chumba cha mikutano. "Mabrouk, Rama! Dada akiolewa ni heri." Mercyline akaniletea maji akasimama mlangoni. Safari hii sikumzima mtu yeyote. Niliacha kila kitu wazi, kelele zote zikaingia: sufuria, watoto, jogoo, kaswida kwa mbali.

Saa kumi na moja kwangu. Ustadhi amekaa mkekani, Yasir mbele yake katika kanzu mpya, jasho kwenye mdomo wa juu. Mashahidi wawili. Baba Mkubwa ameshika simu. Kwa nyuma mlango wa chumba cha wanawake uko nusu wazi.

"Ramadhani bin Omari, wewe ndiye walii wa Sikujua binti Omari?"

"Ndiye mimi."

"Umepata idhini yake?"

Nilikuwa nimekwisha kuamua kusema nimepata. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi kwenye treni. Aliniomba mwenyewe, kwa hiyo kunyamaza kungekuwa ni kumtii. Lakini Ustadhi ni kijana, umri wangu, na aliniuliza kama mtu anayetaka kweli kujua, na mimi sikuweza kuubeba uongo huo tena. Nataka iandikwe hapa wazi: wakati ule sikuwa namfikiria Sikujua. Nilikuwa nafikiria nitakavyopumua.

"Ustadhi, sikuipata. Siku ya kikao alikataa mara tatu. Maiki yake nilikuwa nimeizima mimi. Nilimwona."

Sijawahi kusikia kimya kile, na maiki zote zikiwa wazi.

"Ramadhani," akasema Baba Mkubwa. Simu ikainama mkononi mwake, nikaona dari, nikaona mkeka. "Ramadhani, mwanangu, unasema nini mbele za watu?"

Yasir alisimama. Hakukasirika. Alimtazama Ustadhi kama mtu aliyeambiwa yuko nyumba siyo. "Kama hataki, mimi sitaki kulazimisha mtu," akasema. Mwanamke mmoja ndani akasema kwa sauti, "Aibu gani hii!" na nikamtambua Mama kwa kilio.

Ustadhi akafanya linalompasa. Akaufunga mkoba wake wa karatasi, akasema, "Basi aulizwe mwenyewe, asikike." Wakaipeleka simu mpaka mlangoni. Sikujua alikuwa amekaa kitandani, hina mpaka kwenye viwiko, Mama amemwegemea begani, na mlango mzima umejaa nyuso. Jikoni masufuria ya pilau. Barua ya chuo ilikwishatumwa. Kila mtu wa mtaa ule alikuwa anamtazama yeye kwa sababu yangu.

"Binti yangu," Ustadhi akasema kutoka nje, "haya si ya kunyamaza tena. Tunataka neno lako. Umeridhia?"

Akaitazama kamera.

"Nimeridhia," akasema. Kwa sauti ya kutosha kusikika mpaka uani. "Kaka hakuelewa. Siku ile nilikuwa nasema simuoni Shangazi."

Watu wakacheka kwa kufunguka roho. Vigelegele. Yasir akakaa chini. Mimi nikatamka maneno ya uwakili, na Baba Mkubwa akayapokea bila kunitazama, na ndoa ikapita.

Nilipogeuka, Mercyline hakuwepo mlangoni.

Jumamosi, 30 Agosti

Baba Mkubwa hapokei simu. Mama amejibu neno moja, "Tumepumzika."

Saa sita mchana umeingia ujumbe wa sauti kutoka kwa Sikujua, wa sekunde ishirini. Nimeusikiliza barabarani Al Rigga, juani, kwa sababu sikuweza kungoja kivuli.

"Kaka, kwanza nilinyamazishwa. Lile lilikuwa lenu, wewe na Baba Mkubwa, ningeweza kuishi nikijua si mimi niliyekubali. Jana umenifanya niseme kwa mdomo wangu. Sasa ni langu."

Nimeanza kumjibu mara tatu. Kila mara nimefuta kabla ya kutuma.